Midomo ya Afisa Ajira

Afisa ajira hakuweza kupita mbele ya picha za wafanyakazi ukutani bila kunyoosha mojawapo kwa kidole, hata kama haikupinda. "Hapa sisi ni familia, dada yangu," alimwambia mtaalamu wa kompyuta aliyekuja kwa usaili, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. Mgeni alitabasamu. Barua ya kuacha kazi aliyokuwa nayo ilikuwa bado mkobani mwake, hajaipeleka, na ukutani aliona matundu ya pini mengi kuliko picha.

Afisa akamwita karani aliyekuwa akipita. "Hebu mwambie mgeni ukweli, usinionee haya."

"Nilikuja kujaribu mwaka mmoja, nimekaa sita," karani akasema. "Hapa mtu anasikilizwa."

Mgeni hakumtazama karani. Alitazama midomo ya afisa, iliyokuwa ikicheza polepole, neno kwa neno, ikitangulia kidogo kila alichosema karani.

Karani alipotoka, afisa akausogeza mkataba na kalamu. "Haya, karibu nyumbani."

"Asante, kaka. Kwanza nipe namba ya simu ya aliyeacha nafasi hii."

Midomo ikafunguka. Kidole kikarudi ukutani, kikanyoosha picha.