Uzito wa Upepo

Fundi matairi wa kituo cha malori, aliyezoeleka kwa jina la Mzee Upepo, hakuwa mtu wa maneno. Siku alipojitia msemaji, mdomo ulimponza.

Binti yake alikuwa akisomea ualimu. Jumatatu angefundisha mbele ya mkaguzi, na akishindwa, chuo basi. Jumamosi akawaita wenzake wawili sebuleni wajifanye wanafunzi, akasimama mbele ya kibao chake.

"Maada ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi," akasema. "Hata hewa. Imejengwa kwa chembe ndogo mno, atomi, na kila chembe ina uzito wake."

Mzee Upepo alikuwa kizingitini na chai yake. Akacheka. "Mwanangu, nimejaza upepo tangu hujazaliwa. Ungekuwa na uzito, si ningeota kibiongo?"

Wale wenzake binti wakaangua kicheko. Chaki ikamponyoka binti. "Tuishie hapo," akasema, akaingia chumbani.

"Haya, umefurahi?" mkewe akamuuliza usiku. "Mtoto anasema Jumatatu haendi."

Asubuhi akaenda kazini na neno lile la uzito kichwani. Pale kazini palikuwa na tairi la lori, limezibwa tayari, halijajazwa. Jirani yake, mnunuzi wa vyuma chakavu, alikuwa na mizani ya kuning'iniza. Wakalitundika, wakaangalia mshale. Kisha Mzee Upepo akalijaza palepale mpaka likakaza, akachomoa mpira wa pampu. Mshale ulikuwa umesogea karibu kilo nzima.

"Umetia mawe?" jirani akauliza.

"Upepo mtupu."

"Loo! Kumbe miaka yote hii unabeba mizigo bure!"

Mzee Upepo hakucheka. Masikio yalimwaka moto. Alifunga kibanda, akarudi nyumbani akiyakwepa macho ya majirani, kana kwamba wote walikuwepo sebuleni siku ile.

Akagonga mlango wa chumba. "Hodi, Mwalimu."

Hakuwahi kumwita hivyo.

"Nimepima tairi. Upepo una uzito. Waite wenzako waje wauone kwa macho yao. Nilikucheka mbele yao. Na wanione nikikiri kosa mbele yao."

Mlango ukafunguka kidogo. "Ulipima kabla ya kujaza, Baba?"

"Nilipima."

"Kwa mizani ileile?"

"Ileile, Mwalimu."

"Ngoja nivae viatu."

Akangoja, macho chini. Mfukoni alikuwa na kile kipande cha chaki alichokiokota sebuleni. Hakuthubutu kumrudishia.