Ua Chini ya Ndoo

Kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema, niliamini kwamba harufu ya ua huisha kwa kunuswa. Habari hiyo nilipewa Mpondwe, mpakani, na muuza marashi wa upande wa Kongo, siku niliyokuwa nashusha samaki. Nilimwambia kwamba nina okidi nyumbani inayokaribia kuchanua, na kwamba watu wa klabu yetu wamesema itanukia nyumba nzima. Akanitazama kwa huruma, akainua kichupa kimoja kwenye meza yake.

"Papa," akasema, "maua iko sawa na hii chupa. Mutu akinusa, inapunguka. Batu bakinusa bengi, inaisha, unabakia na majani tu."

Nikamwamini palepale. Mimi huyo, mtu aliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, na ndevu zangu kidevuni, na biolojia nikaifaulu hata mwalimu akanipa mkono mpaka bega likaniuma wiki nzima. Lakini biolojia yetu ilikuwa ya chura na figo. Habari za marashi hazikuwemo, na mtu anayeuza marashi tangu ujana wake nilimwona kuwa ndiye profesa wa jambo hilo.

Niseme kwanza nilifikaje kwenye okidi, maana mimi kazi yangu ni pikapu. Asubuhi napakia samaki Kahendero, nawapeleka Bwera, na nikirudi nachukua ndizi au kahawa, chochote kilichoko. Siku moja mteja wangu wa Kasese, mkunga mstaafu, aliniomba nimbebee magunia mawili kutoka Bugoye. Nilidhani ni viazi. Kumbe yalikuwa yamejaa mizizi, kuvumwani ya kijani ya kwenye magome na majani manene kama ngozi ya viatu, na yule mama aliyafungua barazani kwake kwa mikono yote miwili, polepole, kama anapokea mtoto. Nikabaki kutazama. Jumapili iliyofuata nikarudi bila magunia, nikakaribishwa kiti, na tangu hapo mimi ni mwanachama wa klabu ya okidi.

Klabu yetu ni ya watu wachache. Tukija wote, viti vya yule mkunga, mama mwenyekiti wetu, vinatosha na kimoja kinabaki cha paka. Sheria ya kwanza ni kwamba ndani ya hifadhi ya msitu, kule mlimani, hatugusi kitu. Okidi zetu ni zile zilizoanguka pamoja na tawi, au zile tunazoomba kwa wakulima wakati wa kusafisha kahawa. Huku kwetu mkulima akisafisha mkahawa mzee anageuza panga na kukwangua shina kwa mgongo wa hilo panga, kuvumwani na okidi vyote vinadondoka chini kama taka. Sisi ndio tunaokuja na magunia. Tunazifunga kwenye vipande vya mti wa kahawa kwa ukanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, tunazitundika kivulini, tunazinyunyizia maji ya mvua. Maji ya bomba, mama mwenyekiti anasema, ni ya watu.

Baraza langu pale Bwera lilijaa vipande vya miti vyenye majani, vikining'inia kwa misumari. Wapita njia walinifanya mganga. Mzee mmoja alisimama nje muda mrefu, mwishowe akauliza ni ipi ya mgongo. Nilimwambia hakuna, ni ya kutazama tu. Akaondoka akiamini kwamba dawa ipo ila nimemnyima.

Sasa baba mkwe wangu. Yeye ni mkulima wa kahawa Karambi, mtu wa kanisa, mtu wa maneno machache, na katika shamba lake la bonde, mbali na nyumba, kuna mti mmoja mkubwa wa kivuli uliojaa okidi kuanzia kiunoni hadi kileleni. Ni vichaka vizima, vikubwa kama sufuria za harusi. Mimi husema ziko elfu moja. Mke wangu husema gawanya kwa kumi na bado utakuwa unadanganya. Hata hivyo, hakuna mwanachama aliyewahi kuona mti mwingine kama huo, na zaidi ya nusu ya okidi zetu zilitoka kwenye matawi yake yaliyoanguka. Yangu ya kwanza pia ilitoka hapo. Ni ile tunayoiita ya mkia, kwa sababu ua lake jeupe, mfano wa nyota, lina mkia mrefu mwembamba unaoning'inia nyuma.

Mwaka huo kahawa iliyo chini ya mti huo ilizaa vibaya. Baba mkwe alipiga hesabu zake, akaamua kwamba wale wageni wa juu wanaunyonya mti, na mti unainyonya kahawa. Mavuno yakiisha atapanda na panga, aukwangue mti wote mpaka ung'ae. Kichaka cha okidi kikikwanguliwa vile hakirudi, au kikirudi mimi na wewe hatutakuwepo. Klabu ilikaa, ikajadili, ikanituma mimi kwa kuwa ndimi mkwe.

Ambacho klabu haikufikiria ni kwamba mkwe habishani na baba mkwe. Nilikwenda na sukari na sabuni, nikaongea nikitazama vidole vya miguu yangu. Nilimweleza kwamba okidi hazinyonyi, zimekaa tu pale juu kama abiria, tena maua yao hunukia. Akauliza abiria hao wanakula nini. Nikasema hewa na mvua. Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza, akamwita mama mkwe aje asikie. Alipomaliza kucheka akaniambia neno ambalo lilinilaza macho.

"Mukwe, mimi siwezi kubishana na hewa. Nionyeshe faida moja. Umesema ua lina harufu. Nikiisikia kwa pua yangu mwenyewe kwenye maonyesho yenu, mti nauacha. Nisipoisikia, Jumatatu napanda."

Maonyesho yetu yalikuwa Jumamosi, Kasese, kwenye ukumbi tulioazimwa. Okidi yangu ilifungua maua siku chache kabla, shada zima. Kwa hiyo mtanielewa nilipotafuta ndoo. Ilikuwa ndoo ya plastiki ya buluu iliyokuwa na sabuni ya unga. Niliitoboa matundu juu ili ua lipumue, nikaifunika okidi nayo kwenye kona ya baraza, nikatangaza sheria: mtu yeyote asiinue ndoo hii, asiweke pua hapa, harufu yote iliyomo ni ya babu yenu. Watoto wakaitikia. Mke wangu akauliza kama na yeye yumo kwenye sheria. Nikamwambia yeye hasa, kwa sababu anashinda nyumbani. Akasema sawa, Baba Watoto, akaendelea kuchambua mchele.

Mimi mwenyewe sikunusa. Nilitoka alfajiri, nikarudi watoto wamelala, nikaipita ndoo kwa mbali kama mtu aliyefunga anavyopita hotelini. Nilipohisi utamu fulani hewani pale barazani nilijua ni sabuni ya majirani. Klabuni pia sikumwambia mtu habari ya ndoo wala ya sharti la mzee. Niliogopa kwamba wakijua utamu umehifadhiwa, wote watakuja na pua zao, na mama mwenyekiti ana pua ya kitaalamu, yeye peke yake angeondoka na robo.

Jumamosi niliosha pikapu mara tatu kwa sababu ya samaki, nikaweka okidi mbele, mahali pa miguu ya abiria, na ndoo yake juu. Kutoka Bwera hadi Kasese nilikwepa kila shimo. Ukumbini meza zilitandikwa mashuka meupe, na okidi za wenzangu zilisimama kwenye chupa za soda zilizojazwa mchanga. Yangu nikaiweka mwisho wa meza ikiwa bado na ndoo. Watu wakauliza ni nini. Nikasema ni siri ya ushindi. Jaji, mama mmoja mwalimu wa kilimo kutoka Fort Portal, alipofika kwangu nilimwomba asisogee sana. Akaniuliza anapaswa kuhukumu ndoo au kilichomo. Nikaiinua kidogo, akachungulia umbo, akaandika, nikaifunika tena. Nikapewa kadi ya nafasi ya tatu. Sikujali hata kidogo.

Baba mkwe aliingia saa saba mchana, na koti lake la Jumapili, kofia mkononi. Jua la Kasese lilikuwa limeegemea juu ya mabati kama lina ugomvi nayo. Nilimsalimia kwa kuinama, nikamwongoza hadi kwenye meza, nikawasogeza watu, nikainua ndoo.

Aliinama. Aliweka pua katikati ya shada, akavuta hewa kwa utaratibu. Akavuta tena. Wanachama wawili walikuwa nyuma yetu, nao wakanyoosha shingo. Alipoinuka alitazama ua, akatazama kitu nilichoshika mkononi.

"Nasikia ndoo," alisema. "Na samaki kidogo."

Nilinusa mwenyewe, ndiyo mara yangu ya kwanza. Sabuni ya unga, basi. Nilitafuta harufu ya ua pale kama mtu anayetafuta ufunguo, petali kwa petali, na haikuwepo. Katika akili yangu kulikuwa na jibu moja tu: kuna mwizi. Kuna pua iliyoingia chini ya ndoo ile kabla ya siku yake. Niliwahesabu watoto wangu mmoja mmoja kichwani, na jirani wa upande wa kushoto nikamweka wa kwanza kwenye orodha ya washukiwa.

Baba mkwe hakunicheka. Hilo liliniuma zaidi. Aliuliza kama narudi Bwera leo, nikasema ndiyo, akasema basi atapanda pikapu, kutoka Bwera atachukua pikipiki ya kwenda Karambi, maana panga linahitaji kunolewa. Mama mwenyekiti alikuwa mlangoni akigawia wageni chai. Alinitazama usoni, akajua, akanigusa mkono tu. Njia nzima mimi na mzee tuliongea habari za bei ya mbolea. Okidi ilikuwa miguuni pake bila ndoo. Ndoo nilikuwa nimeitupa nyuma.

Tulifika jua linazama. Nilitundika okidi kwenye msumari wake kando ya mlango. Mke wangu alikuwa amepika ugali wa muhogo na samaki, na alipomwona baba yake anauliza pikipiki alisema hakuna mtu anayetoka nyumbani kwake na njaa, aketi kwanza. Mzee akaketi barazani. Adhana ya Magharibi ilikuwa inatoka msikitini, nikaenda kuswali, na katika sala hiyo niliuombea ule mti, sifichi.

Niliporudi, harufu ilinipokea getini. Sijui niielezeje. Ilikuwa kama mtu amekamua limau ndani ya maziwa ya moto kisha akatia maua ya kahawa. Nikasema moyoni kuna harusi mahali, labda bibi harusi anapita barabarani na mashangazi wake wote. Nikageuka, barabara ilikuwa tupu. Nikasogea. Barazani baba mkwe alikuwa ameshika tonge, hajalitia mdomoni.

"Nani amejipaka marashi?" aliuliza kwa Lhukonzo.

"Hakuna aliyejipaka, tata," mke wangu akamjibu baba yake. "Ni yule mgeni wako wa mtini."

Mzee akaweka tonge chini, akanawa mkono, akainuka. Alikwenda kwenye msumari, akasimama mbele ya lile shada jeupe, hakuhitaji hata kuinama. Alikaa pale mpaka ugali ukapoa. Alisogea hatua kadhaa uani, akarudi. Akaenda upande wa pili wa nyumba, tukamsikia anakohoa huko, akarudi tena.

"Inafika hadi jikoni," alisema. Kisha akaongeza: "Miaka yote natoka bondeni kabla ya jua kuzama. Mti umejaa harufu hivi, mimi niko njiani na jembe."

Akaketi, akavuta sahani yake.

"Mti ule nauacha, mukwe. Kahawa nitazikwangua, kahawa ni kahawa. Mje na magunia yenu mbebe hao wageni wenyewe."

Nilifurahi mpaka nikamtilia mzee kipande changu cha samaki. Na furaha ikinishika huwa sijui kunyamaza. Nilianza kuwaeleza wote wawili jinsi nilivyookoa jambo hili: kwamba harufu ni kama marashi ya chupa, kila pua inaondoka na sehemu yake, kwamba mimi niliiwekea akiba kwa ndoo, nikawazuia watu wote wasiiguse, kwamba mchana kule Kasese ililala tu kwa sababu ya mtikisiko wa barabara, lakini akiba ilikuwepo, na ndiyo hii wanayoifaidi. Baba mkwe alitikisa kichwa akinisikiliza kwa heshima. Mke wangu alimaliza kutafuna, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Baba Watoto," alisema, "harufu haiishi kwa kunuswa. Tangu lifungue maua, kila Magharibi naiinua hiyo ndoo, mimi na watoto na majirani, tunanusa mpaka tunachoka, halafu tunaifunika kabla hujarudi. Hilo ua hunukia jua likizama. Mchana halina kitu."