Machicha ya Dénes

Dubu alimla nguruwe wa Veronka mwaka ule ule aliofiwa na mumewe, na mpaka leo ukimwuliza nani alimla nguruwe wake, hasemi dubu. Anasema Dénes.

Dénes ndiye mwenye mtambo wa kupikia pombe kali kijijini kwetu, huku chini ya milima ya Karpati. Majani yakianza kudondoka, kila nyumba inampelekea mapipa yake ya plamu zilizochacha, anazipika, watu wanarudi na chupa zao wakichekacheka. Yanayobaki ni machicha, na harufu yake tamu inafika mpaka msituni. Anatakiwa ayafukie. Mvivu yule! Anakwenda kuyamwaga kwenye pipa la taka la kijiji, na pipa lenyewe liko nyuma ya banda la nguruwe la Veronka. Tuliwekewa lenye mfuniko wa chuma na komeo, kwa ajili ya dubu hasa. Dénes akishalijaza mfuniko haufungiki, anauacha wazi, anaondoka zake akipiga mluzi.

Nguruwe alipoliwa, unadhani aliomba radhi? Alisimama mlangoni pa kanisa, tumbo mbele, akatangaza kwamba Veronka mwenyewe ndiye anayetupa makombo ovyo. Tangu hapo watoto wakamwita Mlisha Dubu. Na wakubwa pia, wale wanaojidai wana adabu.

"Shangazi Veronka, leo dubu umempikia nini?" wanamwuliza dukani.

"Ulimi wako."

Alilalamika kwa mwenyekiti wa kijiji mpaka mate yakamkauka. Lakini mwenyekiti naye ana plamu zake zinazongoja kupikwa. "Tutaliangalia, shangazi." Wataliangalia! Miaka yote hiyo wanaangalia tu, utadhani ni sinema.

Sasa msimu huu Veronka alikuwa na nguruwe mwingine, mnene, wa kuchinjwa Krismasi. Nyama yake ya majira yote ya baridi ndiyo hiyo, hana nyingine. Asubuhi moja akakuta mbao za banda zimekwaruzwa kwa makucha juu mpaka chini. Nguruwe mzima, ila amejibana kwenye kona anatetemeka, hataki hata kula. Kugeuka nyuma, pipa liko wazi, machicha yamefurika.

Safari hii hakwenda kwa mwenyekiti. Alichukua koleo, akajaza machicha kwenye toroli, akalisukuma katikati ya kijiji mchana kweupe, akayamwaga pwaa! mlangoni pa mtambo. Watu walikuwa kwenye foleni na mapipa yao, mwenyekiti akiwemo.

"We mwanamke una wazimu?" Dénes akafoka.

"Umesahau mali yako."

"Yaondoe hapa! Unataka kuniletea dubu nyumbani kwangu?"

Veronka akaegemea koleo lake. "Ehee! Kumbe machicha yanaleta dubu? Si ulisema ni makombo yangu?"

Piroska, jirani ambaye mbwa wake naye alijeruhiwa na dubu, ndiye aliyeanza kucheka, halafu akageuza pipa lake kurudi nalo nyumbani. "Plamu zangu hazipikwi hapa mpaka shimo lichimbwe." Na mwingine akageuza lake. Mwenyekiti akatazama huku na huku, akaona amebaki peke yake, akakohoa. "Chimba, Dénes. Na pipa la taka ukalioshe."

Sasa ndiyo mwenyekiti ameona!

Dénes akachimba. Jasho linamtiririka, tumbo linamzuia kuinama, na wale wote aliowadanganya kanisani wamesimama wanamtazama. Veronka alipindua toroli lake akakaa juu yake.

"Ongeza. Dubu ana mikono mirefu."

"Shangazi," akasema Dénes, anahema, "si unisamehe tu, yaishe?"

"Chimba," akasema Veronka.