Yai Lililobaki Bakulini

Asubuhi, wengi wa mtaa wa Nkuhungu wanaokwenda kazini hupitia kwanza kwa Bibi Stara. Sambusa zake ni za mayai: yai la kuchemsha lililopondwa na kitunguu na pilipili manga, ndani ya manda nyembamba inayovunjika mdomoni. Harithi, fundi cherehani wa jirani, husema aliyekula mbili hana haja ya daktari.

Mjukuu wa Bibi Stara, Lulu, alikula sambusa hizo tangu alipoachishwa ziwa. Mama yake, Yusra, alifanya kazi za ndani Morogoro, na kila alipopiga simu aliuliza kama mtoto ameshasema. Lulu alikuwa anaingia mwaka wa tatu, hajatamka hata "mama". Bibi Stara alikuzwa akiambiwa kwamba yai hufunga ulimi wa mtoto. Kwa hiyo kila asubuhi aliipasua sambusa, akakung'utia yai lote bakulini, akampa Lulu manda na chai ya rangi. Mtoto alitafuna huku amenyoosha kidole kwenye bakuli. Bibi akalisogeza mbali.

Mashavu yakajaa, miguu ikanenepa.

"Bibi, huyu anakumalizia biashara," Harithi alitania, na Bibi Stara akacheka kwa fahari.

Nywele zilipogeuka nyekundu, watu wakasema ni jua. Ngozi ya miguu ilipoanza kubanduka, Bibi akambeba hadi hospitali.

Muuguzi, Evarista, aliubonyeza mguu, na shimo la kidole likabaki pale pale. Akauliza mtoto anakula nini. Aliposikia sambusa za mayai, kila siku, alishangaa. Mtoto anayekula hivyo hapaswi kuvimba namna hii.

"Yai namtolea, mwanangu. Hajasema bado."

 Evarista akaeleza taratibu kwamba ule haukuwa unono, yalikuwa maji. Manda ni unga na mafuta. Cha kumjenga mtoto ndicho kilichobaki bakulini.

Lulu akalazwa. Kesho yake Bibi Stara alikuja wodini na mayai mawili ya kuchemsha, ameyafunga kwenye leso. Akaambiwa tumbo la Lulu haliyawezi tena, kwa sasa ni maziwa ya dawa tu, kidogo kidogo. Mchana ule ule Lulu alifariki. Leso haikuwa imefunguliwa.

Yusra alifika watu wameshatoka makaburini. Aliketi mkekani kando ya mama yake.

"Hakusema chochote, mama?"

"Alikuwa ananionyesha bakuli."