Mashini ya Maji Moto ya Ba Kalaba

Ile mashini Emilienne hakuipenda tangu siku ya kwanza, na hakuna haja ya kumusingizia eti aliipenda. Ilikuwa sanduku jeupe la bati, limetundikwa kwenye ukuta wa bafu, na kidirisha kidogo mbele na mupira wa gazi unaotoka kwenye chupa kubwa kule inje. Haikuweka maji ndani yake hata kikombe. Ukifungua robine, maji yanapita, moto unajiwasha wenyewe, maji yanatoka yakiwa ya moto. Ukifunga, moto unazima. Wakongo wa Lubumbashi wanaiita chauffe-eau. Kwao Emilienne, kule Lukonzolwa, upande wa Kongo ngambo ya ziwa la Mweru, maji moto yalikuwa ya sufuria na kuni, na watu walioga wakapendeza.

Lakini Ba Kalaba alikuwa mutu wa mugodi. Alifanya kazi Kitwe miaka makumi tatu, na alipopewa pensheni alirudi Nchelenge, upande wa Zambia, na muke wake Mama Beauty, kitanda cha chuma, na hiyo mashini. Mama Beauty alikuwa na ugonjwa wa viungo. Asubuhi magoti yake yalikataa kukunjika mpaka yapate maji moto, na yasipoyapata, nyumba nzima ilisikia. Ba Kalaba, ambaye Kiswahili alikinyonya kwa mama yake, Mukongo wa Pweto, alimufundisha Emilienne kuiwasha, akarudilia mara kumi.

"Finya kifungo hiki, mama, ushikilie. Hesabu mpaka makumi tatu, pole pole. Ukiachilia mbio, moto mudogo, huu unaowasha ule mukubwa, unakufa."

Emilienne Mulumba alivuka ziwa mwaka 1998, vita ilipoanza kunuka karibu, na watoto wawili na beseni moja ya vyombo. Mume wake Jean-Claude alibaki kwa sababu ya baba yake, muzee kichwa ngumu aliyesema hawezi kukimbia nyumba aliyoijenga. Waliagana pale ufukoni kwa maneno machache: ukipata nyumba, nitumie neno ni nyumba gani, na usitoke pale mpaka nikukute. Kwanza Emilienne alikausha samaki za watu kwenye kisiwa cha Chisenga. Kisha Mama Beauty akamuona soko la Kashikishi, akamupa kazi ya nyumba na chumba cha nyuma. Tangu siku hiyo, kila boti la Hippolyte, mubeba watu na samaki, likienda visiwani na ngambo, Emilienne alituma neno lilelile: nyumba ya Ba Kalaba, Nchelenge. Mwaka ukapita. Jibu halikuja, lakini chumba kilikuwapo, na yeye alikuwa ndani yake.

Sasa siku moja ya kazi ya kwanza, Jumatatu ya mwezi wa tisa wa 1999, mashini ikagoma. Moto mudogo ndani ya kidirisha uliwaka vizuri, lakini robine ikifunguliwa, moto mukubwa haukuja. Maji baridi, basi. Mama Beauty akalalamika mpaka majirani wakauliza nani amefariki. Akaitwa Davison, mutoto wa dada ya Ba Kalaba, fundi wa radio pale sokoni. Davison alifungua kifuniko, akaangalia ndani kwa uso wa daktari, akafunga.

"Imekufa," akasema. "Huyu mama anazungusha vifungo ovyo. Watu wa ngambo vitu hivi hawavijui."

Akanywa soda ya mujomba wake mpaka chini, akaenda zake.

Ba Kalaba hakugomba, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alimuita Emilienne baraza ya nyuma, akasema bila kumuangalia: "Mama, lori ya kupeleka wakimbizi kambini inapita Jumamosi. Pengine ni vizuri uende na wenzako. Mimi nitatafuta mutu anayezijua kazi hizi."

Kambi ilikuwa mbali sana na ziwa, safari ya siku nzima ya vumbi. Jean-Claude akivuka, atafika kwenye nyumba hii, ataambiwa yule mama alienda, na nani ataweza kumuonyesha njia? Hakusema hayo yote. Alisema tu: "Tata, uniachie siku mbili niiangalie."

"Utaangalia nini, na fundi ameshindwa?"

"Nitaangalia tu, tata."

Kesho yake alianza, na alianza na chupa, kwa sababu mutu asiyejua kitu aanze na kinachoonekana. Akaitikisa: nzito. Akapaka povu la sabuni kwenye maungio yote ya mupira: hakuna kipovu kilichovimba. Akafunga gazi, akangoja harufu iishe, akaanza upya. Akafinya kifungo, akashikilia, akahesabu mpaka makumi tatu kwa Kiswahili, na kisha tena kwa Kifaransa, maana mashini ya wazungu nani anajua inasikia luga gani. Moto mudogo ukasimama, bluu na mutulivu. Akafungua robine. Ndani ya sanduku kitu kikagonga kidogo, kikanyamaza.

"Hata maji yenyewe yamekuwa ya kukamua," akasema Mama Beauty, ambaye alikuwa amewekewa kiti kwenye mulango wa bafu na alikuwa anaona yote. "Zamani yalikuwa yananipiga mugongo. Sasa yananilamba."

Emilienne akageuka. "Tangu lini, mama?"

"Mimi ninajua? Juma moja, mawili. Ninasema, nani ananisikiliza katika nyumba hii?"

Hapo akakumbuka maneno ya Ba Kalaba. Maji njo yanasukuma moto, alisema siku ya kumufundisha. Yakiwa na nguvu, yanasukuma ngozi ya mupira kule ndani na gazi inafunguka. Yakiwa malegevu, mashini inakataa isijichome. Basi ubaya hauko kwenye moto. Uko kwenye maji. Akafunga maji, akafungua ile skuru chini ya sanduku ambapo pana chungio dogo la shaba. Maji ya nyumba hii yalipigwa pompi kutoka ziwani mpaka kwenye tangi juu ya munara, na kila mwezi alikuwa anatoa humo majani, muchanga, na konokono wadogo. Leo alipolitoa lilikuwa safi. Linangaa.

Mutu mwingine angefurahi. Emilienne alikaa chini na lile chungio mukononi, akaliangalia. Tangu lini ziwa la Mweru linaleta maji bila majani? Kuna kitu kule mbele kinachoyashika. Na alipofika hapo katika kuwaza, akakijua hicho kitu.

Majuma matatu nyuma, watu wa kliniki walipita na kipaza sauti: kolera iko kwenye kambi za wavuvi, chemsheni maji. Emilienne alichemsha. Lakini kwao, kabla ya kuchemsha, maji yanachujwa. Mama yake hakuacha mutungi hata mumoja bila kitambaa mudomoni. Basi alipanda kwenye munara wa matofali, akakunja kipande cha kitenge chake mara ine, akakifunga kwenye mudomo wa mupira ndani ya tangi, pale maji yanapoanzia kushuka nyumbani. Hakumuambia mutu. Nani anaomba ruhusa ya kuchuja maji?

Akapanda tena, akatia mukono mpaka begani. Kitambaa kilitoka kizito, kijani, kimejaa uteute. Maji yakaanza kuvuma ndani ya mupira palepale. Akashuka, akaingia bafuni, akafungua robine, na moto mukubwa ukawaka bwaa. Mama Beauty akatia vidole kwenye maji, akaviacha humo, akafumba macho.

"Njo hayo," akasema. "Njo hayo, mwanangu."

Emilienne akatoka inje. Kitambaa kilikuwa bado kwenye munara, na hapakuwa na mutu aliyekiona. Tuseme kweli: aliwaza kukitupa. Angekitupa nyuma ya ukuta, Davison angebaki na uso wake wa daktari, na yeye angekuwa fundi. Akisema, lori ya Jumamosi ilikuwa inamungoja. Alisimama pale, mikono inanuka tope la ziwa, akiogopa hasa. Lakini kumungoja Jean-Claude ndani ya nyumba aliyoibakia kwa kuficha, hiyo ilimushinda. Akakichukua, akakipeleka kwa Ba Kalaba.

"Tata, mashini haikufa. Ni mimi niliziba maji, na kitambaa hiki. Nilitaka kuyachuja."

Ba Kalaba akakigeuzageuza. "Nani alikuona?"

"Hakuna mutu."

"Sasa unaniambia sababu gani?"

"Sababu ni mimi niliyeziba, tata."

Muzee akakitwaa kitambaa, akakikamua. Uchafu wa kijani ukamwagika kwenye viatu vyake. "Hii yote tulikuwa tunakunywa tangu tufike?" akauliza, na mabega yakaanza kumutikisika kwa kicheko. "Na Davison akakunywa soda yangu bure. Sikiliza, mama. Tutashonesha mufuko mukubwa, maji yapite vizuri. Utakuwa unaufua kila juma."

"Na lori, tata?"

Kicheko kikaisha. Ba Kalaba akajikwaruza shingo kama mutu mwenye haya. "Lori ipite. Nilisema haraka. Unisamehe." Machozi yakamutoka Emilienne bila kuombwa. Muzee akauliza: "Yule mwenye boti, unamupa neno gani la mume wako?"

"Namuambia nyumba ya Ba Kalaba."

"Kalaba yupi? Tuko wengi kwenye ziwa hili, na mimi miaka makumi tatu sikuwapo. Juzi nilienda kununua samaki, wakaniuliza, wewe ni yule tata wa kwa Emilienne? Wewe njo wanakujua. Taja jina lako."

Siku ya tano, ile Ijumaa, Emilienne akamupa Hippolyte neno jipya. Jumamosi lori ikapita barabarani, imejaa watu na magodoro, naye akasimama kwenye ua akiiangalia mpaka vumbi likashuka.

Siku ya mungu, watu walipotoka kanisani, Hippolyte akaingia ua na mutu mukondefu nyuma yake. Hippolyte alikuwa amemukuta Jean-Claude kwenye kisiwa cha Kilwa: baada ya kumuzika baba yake, neno lilimufikia bila jina la Nchelenge, naye alimaliza majuma mawili pale akipelekwa kwa Kalaba huyu na Kalaba yule, mpaka Hippolyte alipotaja Emilienne. Pale ufukoni Nchelenge, Hippolyte angali anafunga boti, Jean-Claude alitaja jina hilo, na muuza mihogo wa kwanza akamunyoshea kidole.

Emilienne alimushika mikono yote miwili, watoto wakamuningʼinia kiunoni, na Mama Beauty, ambaye hakuwahi kumuachia mutu zamu yake ya kuoga, akaita kutoka ndani kwamba leo yeye atakuwa wa pili. Wakamupeleka Jean-Claude bafuni na vumbi lake lote. Emilienne akafungua robine, moto ukawaka bwaa, na mume wake akaruka nyuma mpaka mulangoni.

"Usiogope," akamuambia. "Ingia tu. Mimi niko hapa."