Mgeni Aliyekunywa Maji ya Bahari ya Barafu

Kama unataka kuniita mwongo, ngoja kwanza nimalize. Mama Rehema wa ghorofa ya chini alimwona pia huyo mgeni, na Mama Rehema hanipendi kiasi cha kunisaidia kudanganya.

Mimi nakaa Laeken, hapa Brussels. Zamani nilisafisha sakafu kwenye hospitali moja kule Jette, na shule niliiacha Uvira nikiwa bado mdogo, kwa hiyo usinitafutie maneno makubwa hapa. Nitasema vile nilivyoona.

Nina mtoto wa marehemu kaka yangu, Furaha. Nimemlea mimi, ananiita Tonton, yaani baba mdogo kwa Kifaransa. Huyo alisoma mpaka akasomea maji. Kazi yake ni kwenda na meli kule juu kabisa, kwenye bahari ya barafu, kupima joto la maji na chumvi yake. Wanateremsha chombo kwa waya mrefu, kina chupa zinazojifunga zenyewe kule chini, halafu wanakivuta juu. Siku moja nilimuuliza, sasa bahari mnaipima kwa nini, inaumwa? Akacheka. "Tonton, njo vile vile. Ni kama kupima mutoto homa." Bon, hapo nikaelewa. Homa naijua.

Safari moja aliniletea chupa ndogo ya maji yaliyobaki kazini. Akasema yametoka chini kabisa, hayajaona jua tangu kabla ya babu wa babu yangu. Nikayaweka kabatini, karibu na chupa ya maji ya baraka ya kanisani. Mama Rehema alipoiona akasema, "Mzee, ipo siku maji hayo utayapikia maharage." Yeye ni wa Tanga. Kiswahili chake kimepigwa pasi; changu, anasema, kimelala na nguo.

Donc, ilikuwa mwezi wa kumi na moja, Furaha yuko melini. Akanipigia video, macho mekundu. Kuna mahali chombo kilionyesha maji ya chini yana joto na chumvi zaidi kuliko walivyozoea kuyakuta. Mkubwa wake wa kazi hakuamini. Akasema chombo kimeharibikia mikononi mwa Furaha, na zile chupa ndogo za kupimia, zilizotoa jibu lile lile, hakuzisuuza.

"Banasema maji ya kwanza yalibakia ndani, Tonton. Banataka kutupa vipimo vyangu vyote. Na ile meli sitaipanda tena."

Hapo lazima nikueleze. Kazini kwao, chombo kikishavutwa juu, maji yanahamishiwa kwenye chupa ndogo; kabla ya kuijaza, unaisuuza kwa maji yale yale utakayoyatia, unamwaga, unarudia, ndipo unajaza. Na kwetu je? Glasi ya mgeni mama yangu aliisuuza kwa maji yale yale atakayompa mgeni, akamwaga, ndipo akajaza. Mimi nafanya hivyo mpaka leo, na Furaha amekua akiniona. Huyo mtoto asahau kusuuza? Labda mimi nisahau kuvaa suruali.

Lakini nani angemsikiliza mzee wa Laeken? Nilikata simu, nikakaa tu.

Kesho yake nilikwenda Ixelles kununua sombe, kisamvu chetu, nikarudi jioni, giza limeshaingia. Mwezi huo jua la Brussels linawahi kutoroka kazini. Kwenye mlango wa jengo alisimama mtu. Koti refu, limelowa, na siku hiyo mvua haikunyesha. Niamini, hapa siku isiyo na mvua unaikumbuka.

"Jambo, papa," akasema. Kiswahili cha Uvira, kile cha zamani cha mama yangu. Akanipa mkono.

Ngoja nipumue. Wewe ungetegemea nini? Mkono wa baridi, si ndiyo? Ulikuwa wa moto, kama wa mtoto mwenye malaria. Nilitaka kuutoa wangu, nikaona ni aibu.

"Niko na kiu," akasema.

Kwetu mwenye kiu haulizwi jina. Nikapanda naye. Kwenye ngazi tulimpita Mama Rehema na mfuko wake wa sokoni, mgeni akamsalimu, Mama Rehema akaitikia.

Jikoni nikafungua bomba. Likakohoa, likanyamaza. Nilikuwa nimesahau kwamba mafundi wamefunga maji ya jengo zima. Alors, nifanyeje? Nikanyoosha mkono kabatini kuchukua yale ya baraka, maana Mungu hawezi kukasirika kwa ajili ya mgeni. Nikasuuza glasi, nikamwaga, nikajaza, nikampa kwa mikono miwili.

Akanywa yote, hakukunja hata uso. Nilipoipokea glasi ndipo nikasikia harufu ya chumvi. Nilikuwa nimekosea chupa, nikachukua ile ya Furaha. Au niseme, ya mgeni mwenyewe.

"Nani alikufundisha kusuuza?" akaniuliza.

"Mama yangu."

"Na mutoto anafanyaka vile vile. Alisuuza. Nilimuona."

Sikuwa nimemtaja mtoto yeyote.

"Mwambie anipime tena. Pale pale."

Nikauliza swali la kijinga, swali la mtu wa hospitali. "Unaumwa tangu lini, papa?"

Akanitazama bila hasira. "Wewe umeshika mukono yangu. Sema wewe." Akasimama, akatoka. Ngazi zetu ni za mbao, hata paka akipita zinamsema. Yeye hazikumsema.

Nikateremka mbio kwa Mama Rehema. "Yule mgeni wako wa Tanga ameshaondoka?" akaniuliza. "Anaongea kama babu yangu kabisa. Mbona hukuniambia una wageni wa maana?"

Nilimpigia Furaha, nikamweleza yote. Hakucheka. Akasema, "Tonton, meli hairudiake nyuma." Lakini asubuhi barafu iliwafungia njia ya mbele, ikabidi warudi, wakapita pale pale. Akaomba. Wakateremsha chombo kingine, kipya, na chupa mkubwa wake akazisuuza kwa mikono yake mwenyewe. Jibu lilikuwa lile lile. Vipimo vya Furaha havikutupwa, na mkubwa mwenyewe akamletea kahawa.

Nilidhani atanipigia akifurahi. Alinipigia analia tena.

"Tonton, nilitaka nikuwe nimekosea. Bahari iko na homa ya kweli."

Tangu siku ile kiti alichokalia kinatoa chumvi. Naifuta, inarudi. Na mkono wangu wa kulia haujui tena baridi. Wakati wa theluji navaa glavu moja tu, watu kwenye basi wanafikiri nimepoteza nyingine.

Basi wewe unayesoma, sikia. Mtu akija kwako amelowa siku isiyo na mvua, mpe maji, na usuuze glasi. Akikupa mkono, usiutoe haraka kwa kuogopa. Ushike mpaka ujue ana homa kiasi gani, kwa sababu atakuuliza.