Gauni Sita za Digrii Arobaini na Mbili

Fundi alikuwa mshonaji mwenye uzoefu wa miaka ishirini, mwanamke asiyekata kitambaa kabla ya kupima mara mbili. Kwa hiyo kabla ya kwenda ughaibuni kumsaidia mdogo wake aliyejifungua, alimwuliza kwa ujumbe wa simu: hali ya hewa ikoje? Jibu likaja: "Arobaini na mbili hivi, dada."

"Arobaini na mbili! Si watu wanaungua huko!" Akashona gauni sita za pamba nyepesi, mikono mifupi. Sweta akaliacha kabatini.

Mlango wa uwanja wa ndege ulipofunguka, upepo ulimpiga kama maji ya barafu. Meno yakaanza kugongana. Shemeji yake, aliyekuja kumpokea, akavua koti lake haraka akamfunika.

"Shemeji, mbona umevaa hivi?"

"Muulize mkeo!"

Nyumbani mdogo wake alicheka mpaka mtoto akaamka. "Dada, huku tunatumia Farenhaiti, siyo Selsiasi. Arobaini na mbili ya huku ni kama tano na nusu ya kwetu."

"Na ulishindwa nini kuniambia 'kuna baridi'? Neno moja tu!"

"Nimezoea. Toa thelathini na mbili, zidisha kwa tano, gawanya kwa tisa."

"Nimekuja kulea mtoto, sikuja kufanya mtihani!"

Chumbani kwake kifaa cha ukutani cha kurekebisha joto kiliandika sabini. Kwa mazoea akajaribu kukishusha hadi ishirini na tano, kipimo alichokijua, lakini kiligoma kushuka chini ya hamsini. Akalala hapohapo kwenye hamsini. Asubuhi aliamka na mafua, mdogo wake akamkataza kumshika mtoto siku tatu. Safari yote hiyo, kumbe aje kumtazama mtoto kutoka mlangoni!

Siku ya nne alichukua kadibodi akaandika hesabu zake mwenyewe: thelathini na mbili, maji yanaganda. Hamsini, koti. Sabini, raha. Tisini, jasho. Akaibandika mlangoni, na tangu hapo hakukosea kumvalisha mtoto.

Jioni mumewe akapiga simu. "Huko hali ya hewa ikoje, mama watoto?"

"Leo hamsini na tano."

"Lo! Pole na joto. Kunywa maji mengi."

Fundi alifumba macho, akavuta pumzi. "Ongea na shemeji yako," akasema, akampa mdogo wake simu.